Namba 2300 si sheria ya maumbile: uzi kuhusu mtiririko tulivu, msukosuko na tabaka la mpaka

Kioo na Wino (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mimi ni fundi sanifu katika maabara ya haidroliki, na hivi karibuni nilikuta mezani karatasi ya mwanafunzi wa mwaka wa pili ambayo imeninyima raha hadi leo. Katika safu ya vipimo vyake alikuwa ameandika namba ya Reynolds 3100, mbele yake akaandika "mstari wa rangi umenyooka hadi mwisho wa bomba", kisha akaukata usomaji wote kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "kosa la kipimo". Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwamba kitabu kinasema mtiririko ndani ya bomba huwa tulivu chini ya 2300, na kwa kuwa yeye ameuona utulivu kwenye 3100, basi ama macho yake au saa yake imekosea. Macho yake hayakukosea. Aliona jambo la kweli kabisa, ambalo Osborne Reynolds mwenyewe aliliona Manchester na kuliandika mwaka 1883, naye akalifuta kwa sababu tumemkaririsha namba bila kumsimulia ilikotoka.

Kwa wasio wa fani hii, namba ya Reynolds hupatikana kwa kuzidisha kasi ya wastani ya maji na kipenyo cha bomba, kisha kugawanya kwa mnato wa kinematiki, yaani ule ugumu wa maji kuteleza juu ya maji. Haina kipimo cha mita wala sekunde. Ikiwa ndogo, mnato ndio unaotawala na kila tabaka la maji hupita juu ya jirani yake bila kuingiliana. Ikiwa kubwa, mwendo wenyewe wa maji huwa na nguvu kuliko mnato, na usumbufu mdogo unaweza kukua badala ya kufa, hadi maji yote yavurugike; hali hiyo ndiyo msukosuko.

Anayetaka kuliona jambo hili bila maabara na awashe udi katika chumba ambacho madirisha yamefungwa na pangaboi limezimwa. Moshi hupanda kama uzi ulionyooshwa, shibiri moja au mbili, halafu hutetemeka, hujikunja na kutawanyika. Sasa mtu apite karibu na mlango. Ule uzi wa moshi utakatika chini zaidi, karibu na chetezo, ingawa udi ni uleule na makaa ni yaleyale. Kilichobadilika ni usumbufu wa hewa ya chumba tu. Yote nitakayoyasema katika uzi huu yamo ndani ya chetezo hicho.

Reynolds alitumia mabomba ya kioo yaliyolazwa ndani ya tangi lenye ukuta wa kioo, kila bomba likiwa na mdomo mpana kama tarumbeta ili maji yaingie bila kupigapiga kingo, na kwenye mdomo huo akaingiza mstari mwembamba wa rangi. Aliyaacha maji yatulie kwa saa nyingi kabla ya kufungua koki. Alipokuwa mwangalifu kiasi hicho, mstari wa rangi ulibaki mnyoofu hadi karibu na namba 13,000 kwa hesabu ya kipenyo. Kwa njia nyingine, alipoanza na maji ambayo tayari yamevurugika na kuyapunguza kasi huku akipima upotevu wa shinikizo, aliona vurugu inashindwa kujishikilia chini ya kiasi cha 2000. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuupima mpaka huu alipata namba mbili zilizoachana zaidi ya mara sita, na hakuificha yoyote kati yake.

Mwaka 1910 Ekman wa Sweden alitoa ripoti ya majaribio aliyoyafanya kwa kifaa kilekile cha Reynolds, akafika juu ya 40,000 maji yakiwa bado tulivu. Kifaa hicho kimehifadhiwa Manchester, na waliokirudia baadaye wakati mitaa imejaa magari hawakuweza kuzifikia hata zile 13,000, kwa sababu mtikisiko wa barabara hupenya hadi ndani ya tangi. Maji ni yaleyale na kioo ni kilekile. Mji ndio uliobadilika.

Hoja yangu, basi, ni kwamba 2300 ni namba ya busara ya kihandisi kwa bomba la kawaida lenye maungio ya kawaida, na inamfaa mtu anayechagua pampu. Si ukuta uliojengwa na maumbile. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba ni ukuta atafuta vipimo vyake bora kuliko vyote.

Fundi wa Mtaa wa Pili

Mkuu, nashukuru kwa mada. Mimi ni fundi bomba wa majumbani, na sijasoma haidroliki darasani. Naomba kujua, maji ya nyumba za kawaida yako upande gani? Na je, fundi kama mimi yanibidi kujali?

Kioo na Wino

Ndugu yangu, swali lako linajibika kwa ndoo. Chukua bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 15 na maji ya nyuzi 20 za Selsiasi. Namba ya Reynolds 2000 na kidogo inafikiwa maji yanapokwenda sentimita 13 au 14 kwa sekunde, ambayo ni kama lita moja na nusu kwa dakika. Kwa mwendo huo ndoo ya lita 20 ingejaa kwa takriban dakika 14. Hakuna mteja wako atakayevumilia dakika 14 kwa ndoo moja, na kwa hiyo karibu kila bomba linalofanya kazi nyumbani lina msukosuko ndani yake, hata kama maji yanayotoka kwenye koki iliyofunguliwa kidogo yanaonekana kama fimbo ya kioo.

Kuhusu kujali, unalipia msukosuko kwa umeme wa pampu. Kwenye namba ya Reynolds 4000, ndani ya bomba laini, kigezo cha msuguano cha mtiririko tulivu kingekuwa 0.016, na cha msukosuko ni karibu 0.040, mara mbili na nusu. Kwenye 100,000 tofauti hiyo inapita mara 25. Bomba halijabadilika, na sehemu kubwa ya gharama hiyo inaamuliwa na kinachotokea kwenye ngozi nyembamba ya maji iliyo jirani na ukuta.

Mwalimu Mstaafu wa Mekanika

Nimeusoma uzi kwa makini na ninakubaliana na sehemu yake ya kwanza. Hata hivyo, mleta mada anatuacha njiani. Ikiwa kikomo cha juu kinategemea usafi wa jaribio tu, basi hakuna kikomo cha juu. Sawa. Lakini kikomo cha chini, kile cha 2000, kinapaswa kuwa mali ya mtiririko wenyewe, kwa kuwa hapo tunaanza na vurugu kubwa kadiri tupendavyo. Mbona vitabu vinataja namba tofauti hata huko, 1800, 2000, 2300? Naomba asiiruke sehemu hii, kwa sababu kwangu ndiyo kiini.

Kioo na Wino

Mwalimu, shikamoo. Umenigusa mahali ninapopapenda, na jibu lake ni la karne hii.

Karibu na 2000, msukosuko haujazi bomba zima. Huja kwa mabonge: kipande chenye vurugu, chenye urefu wa vipenyo kadhaa, kikisafiri katikati ya maji tulivu mbele na nyuma yake. Wygnanski na Champagne waliyaeleza mabonge haya mwaka 1973. Ukitazama kwa subira, bonge moja linaweza kwenda umbali mrefu bila kubadilika, kisha likafa ghafla pasipo dalili yoyote. Umri wake haukuambii chochote kuhusu lini litakufa. Lililosafiri sana lina nafasi ileile ya kuendelea kama lililozaliwa sasa hivi. Hiyo ndiyo sababu vitabu havikubaliani. Aliyekuwa na bomba fupi aliona mabonge yanatoka upande wa pili yakiwa hai, akasema msukosuko unadumu. Aliyekuwa na bomba refu zaidi aliyaona yakifa, akaisogeza namba yake juu. Kila mmoja alipima urefu wa bomba lake pamoja na maumbile ya maji.

Mwaka 2011 Avila, Hof na wenzao walichapisha katika jarida la Science kazi iliyobadilisha swali lenyewe. Badala ya kuuliza bonge moja linaishi muda gani, waliuliza pia linachukua muda gani kuzaa jingine, kwa maana kasi ikiongezeka bonge hugawanyika na kuacha mtoto mbele yake. Wastani wa muda wa kufa hurefuka haraka mno kadiri namba ya Reynolds inavyopanda, na wastani wa muda wa kuzaa hufupika. Mistari hiyo miwili hukutana karibu na 2040. Chini ya hapo vifo ni vingi kuliko vizazi, na vurugu yote itakwisha hata kama itachukua muda mrefu sana. Juu ya hapo vizazi vinashinda, na vurugu itaenea. Waliowahi kushughulika na magonjwa ya kuambukiza watautambua mtindo huu mara moja, kwani mlipuko huzimika au huenea kwa kulinganisha wanaopona na wanaoambukizwa, wala si kwa kumwangalia mgonjwa mmoja.

Kwa hiyo uko sahihi, Mwalimu, kwamba kikomo cha chini ni mali ya mtiririko. Ila ilibidi watu wasubiri zaidi ya miaka 120 tangu Reynolds, kwa sababu kwenye 2040 penyewe muda wa kungoja ni mkubwa kiasi kwamba hakuna maabara yenye bomba la kutosha kuutazama moja kwa moja. Walipima pande zote mbili, wakapata mahali mistari inapokatana.

Marhaba na Mabawa

Habari zenu wakuu. Mimi nasoma uhandisi wa ndege. Kwetu hatuambiwi 2300 bali 500,000 kwa bamba bapa, tukihesabu kutoka ukingo wa mbele. Je, nayo ni namba ya aina hiyohiyo? Na tabaka la mpaka linaingia wapi katika habari ya bomba?

Kioo na Wino

Naam, ni ya aina hiyohiyo, lakini mlango wa kuingilia kwenye vurugu ni tofauti. Niruhusu nianze na tabaka lenyewe.

Zima pangaboi lililofanya kazi mwezi mzima, kisha upitishe kidole juu ya panga lake. Utakuta vumbi, na kwenye ukingo wa mbele litakuwa limeganda zaidi. Panga hilo limekuwa likikata hewa mchana na usiku kwa mwendo wa mita kadhaa kwa sekunde, na bado halikuweza kupeperusha vumbi lililolikalia. Sababu ni kwamba hewa inayogusa panga huenda pamoja na panga. Haiteleziki juu yake hata kidogo. Kasi hubadilika kutoka ya panga hadi ya hewa ya chumba ndani ya tabaka jembamba sana, nalo ndilo tabaka la mpaka. Kwa panga lenye upana wa sentimita 13, linalokwenda mita 10 kwa sekunde, kanuni ya Blasius ya mwaka 1908 inatoa unene wa kama milimita 2 kwenye ukingo wa nyuma, na chembe ya vumbi imelala chini kabisa ya hizo milimita 2.

Aliyetupatia wazo hili ni Ludwig Prandtl. Kabla ya kuwa profesa alifanya kazi kiwandani Nürnberg, ambako alipewa mtambo wa kunyonya vumbi na maranda ya mashine. Katika mtambo huo bomba lililopanuka polepole halikurudisha shinikizo kama hesabu ilivyotaka, kwa sababu hewa ilibanduka kutoka ukutani. Swali la kwa nini ibanduke hakuliacha. Agosti 1904, kwenye kongamano la wanahisabati huko Heidelberg, akiwa na umri wa miaka 29, alisoma mada fupi iliyokuja kuchapwa kwa kurasa nane. Ndani yake alisema kwamba hata mnato ukiwa mdogo kiasi gani, hauwezi kufutwa karibu na ukuta. Mbali na ukuta unaweza kuupuuza, lakini katika tabaka lile jembamba ndimo msuguano wote umo, na humo ndimo kubanduka kunakoanzia. Picha alizozionyesha zilitoka kwenye mfereji mdogo wa maji ambao gurudumu lake lilizungushwa kwa mkono.

Sasa turudi kwenye 500,000 yako. Ndani ya bomba, hesabu zinaonyesha kwamba mtiririko tulivu huzima usumbufu mdogo sana kwa namba zote za Reynolds, hivyo lazima aje msumbufu mwenye nguvu ya kutosha kuupiga teke. Ndiyo maana Ekman aliweza kupanda juu kiasi kile. Tabaka la mpaka juu ya bamba halina ulinzi huo. Tollmien mwaka 1929 na Schlichting mwaka 1933 walihesabu kwamba mawimbi fulani madogo hukua yenyewe ndani yake, taratibu, hadi yavunjike. Kwa muda mrefu watu wengi hawakuwaamini, kwa kuwa hakuna aliyeyaona mawimbi hayo kwenye handaki la upepo, yaani njia ya majaribio ambamo feni husukuma hewa.

Hayakuonekana kwa sababu mahandaki ya wakati ule yalikuwa na hewa yenye mitikisiko mingi, na usumbufu wa feni uliyafunika. Schubauer na Skramstad, huko Washington, walitengeneza handaki ambalo mtikisiko wa upepo wake ulikuwa chini ya sehemu moja katika elfu ya kasi, wakatandika utepe mwembamba wa metali karibu na bamba, wakautetemesha kwa sumaku ya umeme, na mawimbi ya Tollmien na Schlichting yakatokea kwenye waya wao wa moto, yaani waya mwembamba wa kupimia kasi ya hewa, kama yalivyohesabiwa. Kazi hiyo ilifungiwa wakati wa vita na kutoka hadharani mwaka 1947. Katika handaki hilo lenye hewa tulivu tabaka lilibaki tulivu hadi karibu milioni 2.8, zaidi ya mara tano ya namba mnayofundishwa. 500,000 ni namba ya handaki la kawaida na bamba la kawaida, kama vile 2300 ni namba ya bomba la kawaida.

Niongeze kisa kimoja, kwa sababu kinaonyesha gharama ya kudharau kipimo cha mwenzako. Karibu na mwaka 1912 Gustave Eiffel, yule wa mnara, alipima ukinzani wa hewa kwa tufe akapata kigezo kisichofikia nusu ya kile cha maabara ya Göttingen. Huko Göttingen walidhani mzee amekosea hesabu. Eiffel akarudia kwa kasi mbalimbali na kuonyesha kwamba ukinzani hushuka ghafla kasi inapopita kiwango fulani. Prandtl ndiye aliyekuja kueleza mwaka 1914, na alieleza kwa kufunga waya mwembamba kuzunguka tufe, mbele kidogo ya kiuno chake. Waya uliuvuruga mtiririko ndani ya tabaka la mpaka, na ukinzani ukashuka. Tabaka lenye vurugu huchanganya hewa ya kasi ya juu na ile iliyochoka karibu na ukuta, kwa hiyo hung'ang'ania tufe hadi nyuma zaidi kabla ya kubanduka, na mkia wa hewa iliyokufa unakuwa mwembamba. Wote wawili walikuwa wamepima sawasawa. Tabaka la mmoja lilikuwa tulivu na la mwingine limevurugika.

Mwalimu Mstaafu wa Mekanika

Marahaba, na ahsante. Jibu la mabonge limeniridhisha. Nabakiza swali moja tu: nini hulifanya bonge liendelee kuishi, na je, bomba lililokwisha kuvurugika linaweza kutulizwa bila kupunguza kasi?

Kioo na Wino

Mwalimu, maswali hayo mawili yana jibu moja, nalo liko ukutani.

Mwaka 1967 Kline na wenzake wa Stanford walipitisha mapovu madogo ya hidrojeni karibu na ukuta wa mfereji, wakaona kwamba ile inayoitwa fujo ina milia: michirizi mirefu ya maji ya polepole kando ya michirizi ya maji ya kasi, ikipangana kwa nafasi inayojirudia. Miaka 20 baadaye Kim, Moin na Moser walikokotoa mtiririko wa msukosuko kati ya kuta mbili kwa kompyuta, kwa nukta kama milioni 4 bila kubahatisha modeli yoyote ya msukosuko, na milia ikajitokeza yenyewe. Mzunguko wake unaeleweka leo: vijizunguko vilivyolala kufuata mkondo huinua maji ya polepole kutoka ukutani na kushusha ya kasi, hivyo huchora milia, milia huyumba na kuvunjika, katika kuvunjika kwake huzaa vijizunguko vipya. Bonge linaishi maadamu mzunguko huo haujakatika.

Ukikata kiungo kimoja, vurugu inakufa. Mwaka 2018 kundi la Hof, wakati huo likiwa Austria, lilionyesha kwamba ukiulazimisha mtiririko uwe na kasi inayokaribia kulingana katikati yote ya bomba, vijizunguko hukosa tofauti ya kasi ya kuchezea, milia haichoreki, na msukosuko unazimika huku maji yakiendelea kwa kasi ileile. Inashangaza kwamba mojawapo ya njia walizotumia ilikuwa kuyakoroga maji kwa nguvu zaidi kwanza. Mbele zaidi ndani ya bomba, maji yaliyozimika hurudi kuwa na umbo lake la kawaida na yanaweza kuvurugika tena akitokea msumbufu, kwa hiyo Fundi wa Mtaa wa Pili asitegemee kifaa hicho dukani kesho.

Kioo na Wino

Wakuu, ninarudi na habari za yule mwanafunzi, kwani wengi mmeniuliza pembeni.

Kwanza tulikagua karatasi yake upya. Alikuwa ametumia mnato wa maji ya nyuzi 20 kutoka kwenye jedwali, ilhali tangi letu hupokea maji kutoka juu ya paa na siku ile kipimajoto kilisoma 30. Mnato wa nyuzi 30 ni mdogo kwa karibu asilimia 20, na hivyo 3100 yake kwa kweli ilikuwa karibu 3900. Kosa lilikuwepo, lakini liliuficha ukubwa wa alichokiona. Pili, tuligundua kwamba tangi lilijazwa Ijumaa na yeye akapima Jumatatu asubuhi, ilhali wenzake wote walipima baada ya tangi kujazwa kwa mpira nusu saa kabla ya kipindi.

Jumatatu hii nimemwachia maabara peke yake mapema, kabla jenereta ya jirani haijawashwa. Mstari wa rangi ulinyooka hadi namba 4600, na joto amelipima safari hii. Hapo akaugonga ukingo wa tangi kwa kidole, na mstari ukakatika papo hapo, rangi ikajaa bomba. Akatoa mkono, akahesabu kimoyomoyo, na baada ya maji yaliyovurugika kupita, mstari ukarudi mnyoofu. Alirudia kugonga hivyo mara tisa. Katika karatasi mpya hakukata kitu. Ameandika kasi, joto, saa ambazo tangi lilikaa bila kuguswa, na kwenye safu ya mwisho: "nimegonga" au "sijagonga".